Bibi kaniuliza: mimi niko wapi humu?

Nimerudi chuo Jumapili, begi bado lina vumbi la Masuguru. Leo nina la kusema kwa sisi tunaorekodi geto.

Likizo nilimrekodi bibi akiimba wimbo wa Kizigua wa kubembeleza mtoto. Nikautia mdundo, nikamiksi, nikamasta mwenyewe kwa Audacity, ile programu ya bure. Nikakaza limita mpaka mawimbi yakawa kama tofali. Kwenye hedifoni, moto! Nikampigia bibi kwenye simu. Kasikiliza mpaka mwisho, halafu: "Mjukuu wangu, mimi niko wapi humu?"

Nikaishiwa maneno. Bibi alikuwa sahihi. Limita inabana vilele vya sauti ili wimbo mzima upande. Ukizidisha, penye kunong'ona na penye kupaza panalingana, mdundo unameza mwimbaji.

Na kelele hiyo tunaigombania ya nini? Spotify kwa kawaida inashusha nyimbo zenye kelele mpaka karibu LUFS -14, YouTube nayo inapunguza zilizozidi. Unaua wimbo bure. Hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 2008 mashabiki wa Metallica walilalamika kwamba albamu ya Death Magnetic imebanwa mpaka inakwaruza.

Sisemi tusimaste wenyewe. Studio ni hela, na bumu lenyewe mnalijua. Ila tuwe na adabu kidogo. Kabla ya kumasta, acha nafasi ya kama desibeli 6 chini ya sifuri. Lala kwanza, masikio ya saa nane usiku ni waongo. Linganisha na wimbo unaoukubali, vyote viwili kwa sauti ileile. Ukimaliza, kilele kiishie desibeli 1 chini ya sifuri. Halafu toka nje: sikiliza kwenye simu ya mchina, kwenye spika ya bodaboda. Huko ndiko wasikilizaji wako waliko, siyo kwenye hedifoni zako.

Juzi nimerudia kazi yote. Nimeanzia kwenye miksi, nikashusha mdundo, maana kumasta hakuponyi miksi mbovu. Jana nikaituma kwenye simu ya binamu, akampigia bibi. Jibu limekuja asubuhi hii: "Sasa najisikia. Ila ubeti wa pili nilikosea, ukija turudie."

Haya, nawahi kipindi. Nyie mnamasta vipi huko mageto?