Stadi za Kuazima Zisomwe Kwanza

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo kuvurugika. Katazo hilo liliondoka zamani, lakini fundisho lake halijachakaa: haifai mashine itangulie na wenye kuielewa wabaki nyuma. Fundisho hilo lawahusu leo vijana wa Kinondoni na Temeke wanaoandika programu kwa msaada wa akili mnemba.

Msaidizi wa namna hii huongezewa uwezo kwa kupewa stadi. Stadi ni folda yenye maandishi ya kawaida: juu huwekwa jina na maelezo mafupi, chini yake maelekezo ya kazi, na pengine programu ndogo za kuitekeleza. Msaidizi husoma kwanza majina na maelezo mafupi tu. Maelekezo kamili huyafungua kazi inapoyahitaji, kama fundi atoavyo mkobani spana moja na kuziacha nyingine. Stadi zikiwa nyingi, huhitajika msimamizi wa stadi, yaani programu ambayo kwa amri moja huleta stadi kutoka ghala la mtandaoni, huiweka mahali pake, huipatia toleo jipya, na huiondoa isipotakiwa tena.

Wepesi huo ndio unaoficha hatari. Stadi ya mwandishi asiyejulikana yaweza kumwagiza msaidizi asome nywila au apeleke nje taarifa za wateja, naye hutenda kwa mamlaka aliyopewa na mwenye kompyuta. Kijana anayemtengenezea mwenye duka wa Tandika daftari la mauzo na madeni amekabidhiwa majina na namba za simu za watu, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka zilindwe. Akipachika stadi asiyoisoma, amenunua mbuzi kwenye gunia, tena kwa fedha ya mwenzake.

Dawa yake si katazo jingine. Yafaa kila stadi isomwe yote kabla ya kupachikwa. Toleo lililokaguliwa lisiachwe libadilike lenyewe. Na msaidizi asipewe ruhusa kupita mahitaji ya kazi.

Zaidi ya hayo, yafaa stadi ziandikwe hapa nchini. Mteja akiandika kwamba mzigo uje saa mbili asubuhi, mashine iliyolelewa kwa maandishi ya kigeni yaweza kuandika 2:00 badala ya 8:00. Stadi yenye mistari michache yatosha kuirekebisha, na kuikumbusha kwamba namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20. Kazi ya aina hii si ngeni: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Tume ya Sayansi na Teknolojia iko Kijitonyama. Chuo cha ufundi cha VETA kiko Chang'ombe. Taasisi za namna hii zingeweza kushirikiana kuweka ghala la stadi zilizokaguliwa, ambalo kila kijana angechota humo bila hofu. Kuazima chombo si aibu. Aibu ni kukipa funguo za nyumba kabla ya kujua kimetumwa na nani.