Damu Yetu Ilienda Maabara. Majibu Yako Wapi?

Wacha niseme hii kitu vile iko: watu wa mtaa tumechoka kuwa sampuli tu.

Ukiishi Kawangware ama Kibera unajua hii stori. Vijana wanabisha mlango na tableti na fomu. Wanauliza mnakula mara ngapi kwa siku, choo mnatumia watu wangapi, mtoto aliharisha lini. Wengine wanatoa damu. Unasaini, unapewa sabuni ama nauli, wanaenda. Halafu kimya. Jirani yangu hapa Gatina alitolewa damu mara mbili, na mpaka leo hajui walipata nini.

Kabla uniambie nachukia sayansi, hapana. Maabara za Chuo Kikuu cha Nairobi ziko pale KNH, na mtu wa Kibera anaweza kufika kwa miguu. KEMRI iko hapo Mbagathi. Hizo ni maabara zetu, na kazi yao ni ya maana.

Angalia Majengo, kule Pumwani. Tangu 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, wamefanya kazi na wanawake wanaouza ngono. Wachache wao walikaa miaka mingi bila kupata HIV, ingawa hatari ilikuwa ya kila siku. Kinga yao iliwapa wanasayansi wa Nairobi na Oxford wazo la chanjo, na 2001 majaribio yakaanza hapa, chini ya KAVI. Chanjo yenyewe haikufaulu, lakini dunia nzima ilijifunza kitu kutoka kwa miili ya wanawake wa Majengo.

Na kuna kitu kingine pale cha kuiga. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi, aliwaita wale wanawake kwa baraza, akaongea nao kama watu wenye akili zao. Walipata kliniki, kondomu, na wao wenyewe wakaanza kufundishana. Kibera pia, watu waliokuwa kwa utafiti wa KEMRI na CDC walitibiwa bure Tabitha Clinic. Kwa hivyo inawezekana. Usiniambie ni ngumu.

Najua jibu la watafiti: "Matokeo tulichapisha." Sawa, wapi? Kwa jarida la Kiingereza kigumu, lenye mama mboga wa Congo hatawahi kuliona. Wengine watasema utafiti huangalia watu wengi pamoja, si majibu ya mtu mmoja mmoja. Ni kweli. Basi rudi uambie hao watu wengi pamoja! Itisha baraza, bandika karatasi kwa kituo cha afya, ongea kwa redio ya mtaa, kwa Kiswahili. Kama mlipata shida ni maji, tuambieni ni maji, ndio tumkabe MCA na kitu mkononi.

Mtaa usipopata majibu, unajijazia yake. Hapo ndipo mnasikia damu inauzwa, na chanjo inaua uzazi. Siku kipindupindu kinaingia na mnahitaji watu wafungue milango, mnashangaa mbona wamefunga.

Ombi langu kwa kamati za maadili ni moja: utafiti usipitishwe kama hauna mpango na pesa za kurudisha matokeo mtaani.

Na nyinyi wasee, fomu ikija, uliza kabla ya kusaini. Nani analipia huu utafiti? Damu yangu itakaa wapi, na kwa muda gani? Mtarudi lini kutuambia mmepata nini? Nikiwa na shida napigia nani? Uko na haki ya kukataa, na ya kutoka katikati bila kunyimwa matibabu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa vipi. Kama uko chini ya miaka 18, mzazi awe hapo.

Mtu akishindwa kujibu hayo maswali, mrudishie kalamu yake.