Baada ya Miezi Sita ya Fao

Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na baadaye kuifuta miradi mingi moja kwa moja, Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo zimekuwa zikipokea wahitaji wa aina mpya. Hawa ni watoa ushauri nasaha, waingiza takwimu, madereva na wahudumu waliowafuatilia nyumbani watu waishio na VVU. Ni waamini waliokuwa wakitoa zaka kwa wakati na kuwasomesha watoto wa ndugu zao. Leo wanaona haya kuja ofisini kuomba, na wengine wameacha kuhudhuria Jumuiya kwa sababu hawana cha kutoa pale michango inapotajwa. Jambo hili latupasa kulitafakari sisi wachungaji kwanza.

Nchini Tanzania sheria haikuwaacha watupu. Mwajiriwa anayepunguzwa kazini hulipwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, kwa miaka isiyozidi 10. Mwanachama wa NSSF mwenye taaluma, akiwa amechangia angalau miezi 18, hupata fao la upotevu wa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara wake, kwa miezi 6. Aliyekuwa akipokea shilingi 900,000 atapata takriban 300,000 kila mwezi. Kodi ya nyumba na chakula vitamaliza fedha hiyo, na mwezi wa saba utamkuta na ujuzi ule ule ambao soko limeukataa.

Maana tatizo ni ujuzi. Aliyejaza fomu za mfadhili mmoja kwa miaka kumi na miwili anajua mengi, lakini hana cheti kinachotambuliwa kwingine. Anahitaji kurudi darasani, na ada hana.

Je, fedha haipo? Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Theluthi moja ya tozo hiyo ilikusudiwa VETA, na theluthi mbili huingia serikalini. Ipo pia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, yenye uanagenzi na urasimishaji wa ujuzi, lakini macho yake yako kwa vijana. Hatuwaonei wivu vijana. Twauliza tu ni kwa haki gani mama wa miaka 44, ambaye kwa ajili ya kazi yake tozo ililipwa miaka yote, asiwe na dai lolote juu yake siku anapoihitaji.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka *Laborem exercens* wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kumsaidia asiye na kazi ni wajibu, kwa kuwa mali ya dunia imekusudiwa watu wote. Aliitaja pia Serikali kati ya wale aliowaita mwajiri asiye wa moja kwa moja, mwenye jukumu la kupanga kazi na elimu inayoandaa watu kwa kazi.

Wapo wasemao kwamba mafunzo pasipo ajira huzaa vyeti vya kufungia kabatini. Hoja hiyo ina uzito. Marekani yenyewe ilianzisha mwaka 1962 mpango wa kuwafundisha upya waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, na tangu Julai 2022 hauwezi kupokea waombaji wapya. Kwa miaka mingi wachumi walibishana juu ya matunda yake. Ndiyo maana twapendekeza jambo dogo: sehemu ya tozo ilipie ada ya kozi fupi ndani ya miezi ile ile 6 ya fao, bila kikomo cha umri, na kozi zichaguliwe pamoja na waajiri wa mkoa husika.

Nasi tusinyooshe kidole serikalini pekee. Taasisi zetu nazo zimefunga mikataba ya watu kwa barua ya aya mbili, na vyuo vyetu vya ufundi vina madarasa yanayokaa matupu kuanzia saa kumi jioni. Tunaziomba Halmashauri za Walei za parokia ziandikishe, kwa staha na bila kuwatangaza kanisani, waamini waliopoteza kazi pamoja na fani zao, ili vyuo vyetu vijue vifundishe nini jioni.