Deni si kosa la kulaza mutu kashoti: Kilo inaomba jaji



Mimi niko na diplome ya iniversite na sina kazi. Hapa Kilo, katika avenue yetu, wananiita "Lisansie". Mutu akipata matata ananiletea karatasi na biki, anasema: "Lisansie, niandikie." Sikusoma droit, nilisoma uchumi. Lakini Kifaransa cha kuandikia wakubwa ninakijua, basi ninaandika. Mpaka leo nimeandika barua za mashitaka nyingi kushinda barua za kuomba kazi.

Juma iliyopita alikuja mama mumoja muuza makayabo. Alikuwa ameazima dola 120 kwa jirani yake ili aongeze bidhaa. Gari lilikwama njiani siku nyingi, sehemu ya bidhaa ikaharibika. Alirudisha dola 70, ikabaki 50. Yule jirani hakuenda kwa jaji. Alienda kuona OPJ, akasema ni "abus de confiance". Mama akalala kashoti siku 4. Familia ikatafuta dola 60: amande, karatasi, na transporti ya wale waliokuja kumukamata. Hakuna kitansi hata kimoja.

Sasa tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo nilisoma. Familia imetoa dola 60 kwa watu ambao haikuwa na deni nao. Deni la 50 bado liko. Jirani hajapata hata franka. Na hawa wamama wawili, waliokuwa wanaimba katika chorale moja, leo hawasalimiani. Nani alishinda kesi hii?

Sitaji ofisi wala jina, sababu jambo hili si la ofisi moja. Kila musomaji wa Ituri anajua habari ya namna hii kwa jamaa yake au kwa jirani yake.

Tuseme wazi: deni si kosa la kufunga mutu. Abus de confiance ni pale mutu amepewa kitu cha kutunza au cha kutumia kwa kazi fulani, naye akakila kwa uovu. Mutu aliyeazima feza, biashara ikaanguka, huyo ni mudaiwa. Kesi yake ni ya civil. Inchi yetu ilikubali tangu 1976 Mapatano ya kimataifa ya haki za kiraia na za kisiasa, na artikle 11 inakataza kufunga mutu juu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya mukataba. Na hata kwa mwenye kushitakiwa kosa la kweli, Katiba yetu, artikle 18, inasema garde à vue haipiti saa 48. Siku 4 ni saa 96.

Basi juu ya nini watu wanakimbilia kashoti? Sababu kashoti iko karibu, na jaji iko mbali.

Kwa karatasi, mutu mudogo iko na tribinali yake: Tribinali ya Amani. Sheria ya tarehe 11/4/2013 juu ya tribinali inaipa maneno ya ndoa, ya uriti, ya mashamba ya desturi, na madeni na maneno mengine ya feza yasiyopita franka 2.500.000. Kama kesi inakatwa kwa desturi, jaji anaweza kukaa pamoja na wazee wenye kuijua desturi hiyo. Ni sheria nzuri. Aliyeiandika alifikiri juu ya muuza makayabo, juu ya mujane na mupaka wa shamba lake.

Lakini toka Kilo kufuata kesi Bunia. Moto, mafuta, barriere moja, barriere ya pili, na hofu ya wenye silaha njiani. Ukifika wanakuambia kesi imesogezwa, rudi juma tatu zijazo. Kila kusogezwa ni safari mupya, ni siku bila soko. Kwa deni la dola 50, ukienda mara tatu umekwisha kula deni lote. Mutu mwenye akili anaacha haki yake, ao anatafuta mwenye silaha wa kumusaidia haraka.

Wengine watasema: tuko na kapita, tuko na shefu na wazee. Ni kweli, na ninawashukuru. Maneno mengi ya Kilo yanaishia chini ya muti, watu wanapatana na wanakula pamoja. Pale shimoni pia, PDG na wachimbaji wakigombana juu ya kugawa mifuko ya muchanga, mara nyingi wazee wa shimo ndio wanatuliza. Lakini patano haliandikwi. Muzee akikufa, patano linakufa naye. Na mujane anaweza kuambiwa shamba ni la ndugu za bwana wake, wakati sheria ya jamaa ya 1987 inahesabu bibi na bwana kati ya wariti. Nani atamwambia hivyo, kama wote waliokaa pale ni ndugu za bwana?

Kisha ikakuja état de siège, tangu tarehe 6/5/2021. Amri ile ilitoa kesi za penal kwa majaji wa kawaida, ikazipeleka kwa tribinali za jeshi. Za civil zilibaki pahali pake. Mwezi wa 10 mwaka 2023 Rais alitangaza kwamba utawala huo utapunguzwa pole pole. Lakini desturi mbaya ilikwisha kuingia: ukivalisha deni nguo ya kosa, jirani yako anaogopa uniforme na analipa. Siku hizi mutu hasemi tena "nitakupeleka kwa jaji". Anasema "nitakufungisha".

Kama unafikiri hii ni maneno madogo, kumbuka 1999. Vita vya Djugu havikuanza na zahabu. Vilianza na mashamba. Sheria ya ardhi ya 1973 iliacha mulango: mutu anaweza kupata titre ya ardhi ambamo wengine wanaishi, anyamaze miaka 2, kisha atoe karatasi wakati haiwezi tena kupingwa mbele ya tribinali. Watu waliona wanafukuzwa kwa karatasi ambayo hawajaiona hata siku moja, na hawakuamini tena kwamba jaji atawasikia. Wakachukua mapanga. Tunajua wangapi tulizika.

Na mwisho wake? Tarehe 8/7/2019, majaji wa La Haye walimuhukumu Bosco Ntaganda, na kati ya pahali pa yale makosa walitaja Mongbwalu, Sayo na Kilo yetu. Alipewa miaka 30. Tulifurahi, na haki ile ilikuwa ya lazima. Lakini ninajiuliza: jina la Kilo liliweza kufika mpaka Ulaya mbele ya majaji, namna gani jaji wa Bunia hawezi kufika Kilo kwa ajili ya mupaka wa shamba? Tunangoja mpaka watu wafe ndipo kesi yetu iwe kubwa ya kutosha?

Siye raia pia tuna sehemu yetu. Yule jirani hakulazimishwa na mutu kwenda kwa OPJ. Tunalaani hongo mchana, usiku tunatafuta namba ya mukubwa ili amukamate mudeni wetu. Mimi mwenyewe nilikwisha kuandika "abus de confiance" pahali palipopaswa kuandika "deni", juu aliyenituma alitaka hivyo na alinipa franka 5.000. Siandiki tena hivyo.

Artikle 149 ya Katiba inasema haki inatolewa katika inchi nzima kwa jina la raia. Kilo iko ndani ya inchi nzima. Basi tunaomba:

1. Majaji wa Tribinali ya Amani waje kukata kesi hapa Kilo kwa chambre foraine, kwa siku zinazojulikana, zitangazwe kwa radio, kanisani na sokoni. Sheria inawaruhusu kukaa pahali popote pa eneo lao.

2. Bei ya kila karatasi iandikwe ukutani, na kila franka itolewe kitansi. Bila kitansi, hakuna kulipa.

3. Wenye kazi ya kukagua kashoti waje kukagua. Aliyefungwa juu ya deni atoke, aliyepita saa 48 apelekwe mbele ya jaji ao atoke.

4. Wazee na mashefu waandike kila patano katika kaye, kila upande upate nakala, na wamama wakae kati ya wazee wenye kukata maneno.

5. Na siye raia tuache kufungishana.

Yule mama nilimuandikia karatasi mbili. Ya kwanza ni mashitaka juu ya siku 4 za kashoti. Ya pili ni patano: atalipa dola 10 kila mwezi, miezi 5. Alitia sahihi. Jumapili nitaipeleka kwa jirani yake, kisha chorale ikimaliza kuimba. Kama akikubali, kesi hii itakuwa imekwisha bila mutu kuvuka barriere hata moja. Lakini haifai Kilo nzima itegemee kijana asiye na kazi na biki yake.

Lisansie, kijana wa Kilo