Maoni: Mchango wa labo usiishie kwenye mashine

Katika vyuo vikuu vingi vya mashariki mwa Kongo, mwanafunzi wa biolojia au kemia anaweza kumaliza masomo bila kushika darubini zaidi ya mara mbili tatu. Anakariri hatua za kupima maji, kisha anaandika kazi yake ya mwisho kwa kunakili vitabu. Uvivu si sababu. Labo ina meza lakini haina vyombo, ama vyombo vipo na dawa za kupimia zimekwisha.

Kwa hiyo fikra ya kuchangisha pesa kwa ajili ya labo za vyuo inastahili kuungwa mkono, hata wakati huu. Wapo watakaouliza: familia zilizokimbia vita zinalala chini ya mashitingi, nani atatoa dola kwa darubini? Swali hilo ni la haki. Lakini familia hizo ndizo zinazohitaji kujua mapema kama maji ya kwenye bidoni ni salama.

Goma haiwezi kusahau Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda kwa muda wa wiki chache. Ugonjwa huo haujaondoka Kivu. Kupima klorini ni kazi ndogo: kidonge kinatiwa katika maji, yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajifunza hayo kwa asubuhi moja. Kutafuta vijidudu vya kinyesi kunadai zaidi: vichujio, chakula cha kuvioteshea, na kabati la joto la digrii 44 linalowaka usiku kucha bila umeme kukatika.

Kuna pia mambo ya udongo wenyewe. Kandokando ya Nyiragongo, baadhi ya vyanzo vya maji vina floridi kupita miligramu 1,5 kwa lita, kiasi kilichowekwa na OMS, na floridi nyingi huharibu meno ya watoto. Neno mazuku, ile hewa mbaya inayoua watu na mifugo mabondeni, linatumiwa na wataalamu wa volkeno duniani kote. Ni haki vijana wa Goma nao wawe na kifaa cha kuipima.

Historia ya nchi inatoa somo. Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipozuka Yambuku, Profesa Jean-Jacques Muyembe alichukua damu ya mtawa mgonjwa, na ikabidi isafirishwe mpaka Ubelgiji kuchunguzwa. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, vipimo vilifanyika Beni kwenyewe, na wafanyakazi wa labo walikuwa Wakongomani. Watu kama hao hawaokotwi njiani. Wanaanzia kwenye labo ya chuo, wakiwa na miaka 20.

Hatari iko katika namna ya kuchangisha. Wafadhili wanapenda mashine kubwa, utepe na picha. Miezi sita baadaye dawa zinakwisha, betri inakufa, na mashine inakuwa kabati la vumbi. Mwaka 2025 benki za Goma zilifungwa, uwanja wa ndege nao ukafungwa, na kila kitu kinachotoka mbali kikazidi kuwa kigumu kupata. Basi katika kila dola 100 za mchango, angalau 30 zitengwe kwa dawa, vipuri, betri za jua na malipo ya fundi. Heri darubini tano rahisi zinazotumika kila juma kuliko mashine moja isiyo na mtu wa kuitengeneza.

Walio ng'ambo, waliosoma katika vyuo hivyo zamani, wafanyabiashara na makanisa wanaweza kutuma kwa simu. Mama wa soko wanaoendesha likelemba wanajua siri ya mchango usioleta ugomvi: kila mmoja anaona nani ametoa na nani amepokea. Vyuo vifanye vivyo hivyo. Hesabu zibandikwe mlangoni na zisomwe redioni kila mwezi.

Waliokimbia vita wasiombwe hata franka moja. Wanachodaiwa ni majibu: mwanafunzi akipima maji ya kambi, matokeo yafike kwanza kwa wakaaji wa kambi hiyo, kwa Kiswahili, kabla kazi yake haijawekwa katika maktaba ya chuo.