Roboti asiyepiga hodi

Jamani wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Guta, kule Bunda kando ya Ziwa Viktoria, mjusi kafiri anapanda ukuta usiku kucha na hana gundi. Vidole vyake vina mamilioni ya vinyweleo vinavyonata kwa mvutano wa molekuli. Mwaka 2006 Mark Cutkosky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walimwiga, wakaunda Stickybot, roboti aliyepanda kioo. Fedha zilitoka DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani. Jeshi halikuwa linatafuta mjusi wa kuchezea watoto!

Sasa utasikia: tuunde wetu, wenye kamera, walinde usalama. Asiye na kosa ataogopa nini? Hoja ya ovyo. Mimi sina kosa, lakini chooni nafunga mlango. Kamera inayopanda ghorofa haimwoni mhalifu peke yake, inamwona kila mwenye dirisha. Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda faragha yetu na ya maskani zetu. Imeandikwa ya nini?

Sipingi ufundi. Mhandisi kijana, mpeleke roboti wako akague nyufa za madaraja na matangi, kule mafundi wanakohatarisha maisha. Ukitaka apeleleze watu, kibali cha mahakama kitangulie na aliyemtuma ajulikane.

Guta mgeni hupiga hodi, akasubiri karibu. Roboti ni nani hata aingie kimyakimya?

Nawasilisha.