Mwanga Unaomwagika Dirishani: Nani Analipa?



Ndugu zetu wazazi, vijana na wanafunzi,

Kuna maneno yanayosikika sana siku hizi, Kamembe na hata huku kwetu Nkanka: panapong'aa ndipo penye maendeleo. Mtu akijaaliwa kiwanja kilimani, juu ya Ziwa Kivu, anajenga nyumba yenye vioo kuanzia sakafuni mpaka darini. Nje anafunga taa kali nne zinazotazama juu, na zote zinawaka mpaka asubuhi. Jirani akiuliza zinamulika nini, jibu ni moja: usalama. Hivi kweli mwizi anashuka kutoka mbinguni?

Sisi tunasema wazi. Mwanga unaotoka dirishani ukapotea angani hauna uhusiano na maendeleo. Ni israfu. Ni mali iliyomwagika, na wanaoilipia si mwenye nyumba peke yake.

UMEME NI NEEMA

Asitokee mtu akasema tunataka watu warudi kwenye koroboi. Mwaka 2009 nyumba zenye umeme nchini Rwanda hazikufika hata moja katika kila kumi. Kufikia 2024 zilikuwa zimepita robo tatu, ukijumlisha zinazotumia umeme wa jua. Mtoto anadurusu usiku bila kuvuta moshi wa mafuta ya taa. Alhamdulillahi.

Lakini tukumbuke neema hii inatoka wapi. Maji ya Kivu yanatokea hapa hapa kwetu kuingia mto Ruzizi. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II, inayomilikiwa kwa pamoja na Rwanda, Burundi na Congo, ikaanza kazi mwaka 1989. Maji hayo ni ya mataifa matatu. Anayewasha taa isiyomulika kitu anayachezea maji ya watu wengi.

TUNAPOTEZA NINI?

Mwaka 2016 wataalamu walichapisha ramani ya mwanga wa taa angani duniani kote. Walikuta kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 wanaishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na theluthi ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa kutoka wanapokaa. Mwaka 2023 ukatoka uchunguzi mwingine, uliotokana na maelfu ya watu waliohesabu nyota kwa macho yao kuanzia 2011 hadi 2022. Anga ilikuwa inazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Nkanka bado ina nyota zake. Je, tungoje zizimike ndipo tuanze kulia?

Tazameni wavuvi wetu wa sambaza. Samaki hawa waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio kitoweo cha wengi na ada ya shule ya watoto wengi. Wanavuliwa usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja. Taa ile inavuta kwa sababu pembeni yake pana giza. Kila mvuvi anajua kwamba mwezi ukipevuka, taa yake inapungukiwa nguvu. Sasa tukiujaza ufuko wote taa zinazomulika maji, tutakuwa tumewatundikia wavuvi mwezi mpevu usiozama. Hoteli itauza mandhari, na mvuvi atarudi na kikapu chepesi.

Tazameni na Alfajiri. Watoto wetu wanafundishwa chuoni kwamba alfajiri ni mbili. Ya uongo ni nguzo ya mwanga hafifu inayosimama kwenda juu. Ya kweli ni weupe unaotanda upande wa mashariki, na hiyo ndiyo inayoingiza wakati wa swala na kumzuia anayefunga. Huku karibu na Ikweta nguzo ile husimama karibu wima, na penye giza safi huonekana vizuri. Penye taa nyingi haionekani kabisa, na hata ule weupe wa kweli unachelewa kutambulika. Mwalimu atamwonyesha nini mwanafunzi wake? Ataishia kumwonyesha ratiba iliyobandikwa ukutani.

Kisha kuna viumbe wengine. Usiku mmoja wa Oktoba 2023, mjini Chicago, Marekani, ndege karibu 1,000 walikufa kwa kugonga vioo vya jengo moja tu, McCormick Place. Miaka miwili kabla yake, watafiti walikuwa wamekwisha kadiria kwamba vifo katika jengo hilo vingeweza kupungua kwa karibu asilimia 60, kama madirisha yenye mwanga yangepunguzwa hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kuandikwa hapo. Dawa ilikuwa kufunga mapazia na kuzima taa. Sisi tuna msitu wa Nyungwe jirani, wenye ndege wa kila aina. Tusingoje msiba kama huo.

VIOO VINAVYOJITIA KIZA

Wapo watakaosema: tekinolojia imekwisha leta dawa. Ni kweli kwamba vipo vioo vinavyobadilika rangi. Kati ya matabaka yake mna utando mwembamba sana, mara nyingi wa oksidi ya wolframu. Ukipitisha umeme mdogo, wa volti chache tu, chembe za lithiamu zinahamia kwenye utando huo na kioo kinageuka buluu iliyokoza. Ukigeuza umeme, kinarudi kuwa cheupe. Aliyepanda ndege ya Boeing 787, kama zile za Kenya Airways au Ethiopian, amekwisha ona dirisha lisilo na pazia: unabonyeza kitufe, nje panaingia kiza taratibu.

Faida yake ipo. Mchana kioo kinazuia joto la jua, na mashine za kupooza hewa zinafanya kazi kidogo. Usiku, kikiamriwa kuwa cheusi kabisa, kinaacha mwanga mdogo mno utoke nje. Na wolframu yenyewe inachimbwa nchini mwetu, Nyakabingo, wilaya ya Rulindo. Kijana anayesoma kemia aijue habari hii.

Lakini tusidanganyike! Kioo kile hakijui usiku ni nini. Kikipangiwa jua peke yake, jua likizama kinarudi kuwa cheupe na mwanga unamwagika kama zamani. Pia ni ghali, kinahitaji nyaya na fundi maalumu. Kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa ikivitengeneza, View, ilikimbilia mahakamani mwaka 2024 kuomba kinga ya kufilisika. Na sisi tunaishi zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, upepo wa ziwa unatupooza bure. Joto linaloletwa na kioo kisicho na kivuli ni joto tulilolinunua wenyewe.

Wazee wa Unguja na Lamu walilijua jambo hili: kuta nene, madirisha madogo, na mbao za vipande vinavyopitisha upepo na kukata jua. Abu Dhabi, mahali pasipopungukiwa fedha, minara ya Al Bahr iliyokamilika mwaka 2012 ilivishwa viwambo vinavyofunguka na kufunga kufuata jua, kwa mfano wa mashrabiya za kale. Tajiri amerudi kwenye hekima ya babu. Mbona sisi tunaikimbia?

TUNACHODAI

1. Nyumbani: ikiingia Magharibi, pazia zito lishushwe. Taa ya nje itazame chini na ivishwe kofia. Wanaolala wazime. Mtume (s.a.w.) alituelekeza kuzima taa tunapolala. Wakati ule ilihofiwa moto, na leo umeongezeka upotevu, tena mwanga mkali huuchelewesha mwili kupata usingizi.

2. Wajenzi: dirisha linalotazama ziwa upande wa magharibi linapigwa na jua la jioni lililo chini, ambalo ukingo mfupi wa paa hauwezi kulizuia. Lipunguzwe, au lipewe baraza na mbao za kivuli. Mwenye hoteli anayetaka kioo kikubwa akinunue kile kinachojitia kiza, kisha akiamuru kitie kiza usiku pia.

3. Misikiti na shule: zisisamehewe. Mnara unaomulikwa usiku kucha hauongezi hata mtu mmoja katika safu ya Alfajiri. Baada ya Isha taa za mapambo zizimwe.

4. Viongozi: wilaya inapotoa kibali cha ujenzi, iulize pia habari ya taa za nje na madirisha ya usiku. Wanaosema Ulaya wanawasha hawajasoma. Ufaransa, tangu Julai 2013, ofisi zinatakiwa kuzima taa za ndani saa moja baada ya mtu wa mwisho kutoka, na vioo vya maduka vizimwe ifikapo saa saba ya usiku.

Na habari ya usalama: taa inayokupiga machoni inakupofusha, na mwizi anasimama kwenye kivuli chake asionekane. Taa ndogo inayomulika chini, penye mlango na njia, inakuonyesha mtu. Ile kubwa inaonyesha utajiri tu.

Ndugu zetu, taa za LED zimekuwa rahisi, na kwa sababu ni rahisi tunafunga kumi palipotosha mbili. Hapo akiba inaliwa yote. Usiku nao ni neema kama umeme ulivyo neema, na Qur'ani imeutaja hivyo mara nyingi. Anayeshukuru neema moja kwa kuiharibu nyingine hajashukuru.

Kila familia ianze usiku wa leo: tokeni nje, muitazame nyumba yenu kutoka barabarani, muone mwanga wenu unakwenda wapi.

Wabillaahi tawfiiq.